Mimba ya Ngapi

Ndege ndio waliokuwa wa kwanza kujua kwamba ninaumwa.

Huku kwetu Mbwera, mpunga ukianza kutoa masuke tunahamia shambani. Tunajenga dungu, yaani kibanda cha miti juu ya nguzo ndefu, na mtu anashinda humo kutwa akiamia ndege. Anapiga debe, anarusha vidonge vya udongo kwa kombeo, na zaidi ya yote anapiga ukelele. Kazi hiyo niliijua tangu utoto wangu kwetu Mahege, na nilikuwa na sauti. Nikipaza mara moja, kwelea wananyanyuka mpaka shamba la jirani. Watu walikuwa wakimtania mume wangu, Shabani, kwamba yeye hakuoa mke, ameoa king'ora.

Msimu ule sauti ilianza kunikimbia. Ilishuka, ikawa nzito na ya kukwaruza, kama ya mwanamume aliyeamka na mafua. Nilipiga ukelele, ndege wakaendelea na chakula chao. Kisha ukaja usingizi. Sisemi usingizi wa mtu aliyelima akachoka. Nilikuwa nalala mchana kweupe, nimekaa, debe mkononi. Siku moja Shabani alileta chakula akanikuta nimejilaza chali, na kona nzima ya shamba imejaa ndege wanakula kwa raha zao. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza. Alichukua debe, akalipiga mpaka wakaruka wote, halafu akakaa karibu yangu.

"Unaumwa nini, Somoe?"

"Siumwi. Nimechoka tu."

"Umechoka na nini?"

Ninaandika haya sasa, mabaya yakiwa yamepita, kwa ajili ya mwanamke mwingine aliyechoka na hajui amechoka na nini. Mambo ya kitaalamu nawaachia wenye kazi yao. Mimi nitasema ya mabenchi niliyokalia, ya mwili wangu, na ya nyumba yetu.

Mwili ulianza kunigeuka kidogo kidogo, ndiyo maana sikushtuka. Nilisikia baridi. Jua la kwetu mnalijua, watu wanatafuta kivuli, na mimi nimevaa sweta ya Shabani nimefunga vifungo vyote. Nywele zilibaki kwenye kitana. Nyusi zilipungua upande wa nje, nikawa nazimalizia kwa wanja. Ngozi ya miguu ilikauka ikawa inakwaruza shuka. Uso ulivimba, macho yakawa madogo, na nikanenepa ilhali chakula kilikuwa hakinipiti. Wanawake wenzangu wakanisifu. "Somoe umenawiri! Hapo pana mgeni." Nilicheka nao, na nikifika ndani nalia, kwa sababu wageni walikwisha kuja na wakaondoka, na hakuna aliyewajua.

Kwetu mimba changa haisemwi. Hata mume haambiwi waziwazi, anaona mwenyewe mkewe hataki harufu ya samaki, naye anakaa kimya. Tunasubiri tumbo lijiseme. Kuna hofu ya husuda, na kuna adabu kwa Mwenyezi Mungu, usitangaze ambacho bado hajakikamilisha. Siibezi desturi hii. Imewaokoa wanawake wengi na maswali ya watu. Lakini ina upande wake wa pili. Ikitoka, inatoka kimya. Utalilia vipi kitu ambacho hukukisema?

Ya kwanza ilitoka mwaka ule ule nilioolewa. Nilijikaza kisabuni, nikafua kanga zangu peke yangu, nikaenda kupanda mpunga na wenzangu nikiimba nao. Ya pili ilitoka shambani, na hiyo Shabani aliijua kwa sababu yeye ndiye aliyenishusha kutoka kwenye dungu na kunivusha mto. Alipofika nyumbani alimwambia mama yake nina malaria. Ya tatu nilifika nayo mpaka zahanati. Mama mkwe wangu, Bi Pili, aliniona ninatafuna udongo wa kichuguu, asiseme neno, akajifunga kanga yake akanisindikiza.

Muuguzi aliniuliza, "Mimba ya ngapi?"

Bi Pili alikuwa ameketi ubavuni pangu, anatazama ukuta.

"Ya kwanza," nikasema.

Muuguzi aliandika hivyo, akanipa vidonge vya kuongeza damu na chandarua, akanitajia tarehe ya kurudi. Alifanya kazi yake vizuri. Angetibu vipi kitu nilichomficha? Kabla tarehe haijafika, na hiyo ikaenda. Bi Pili alinichemshia maji ya kuoga, akaniambia, "Pole, mwanangu," na tukakubaliana bila kusema kwamba Shabani asijue.

Ndiyo maana Shabani aliponipeleka Kibiti alidhani ananipeleka kwa ajili ya sauti na usingizi. Tulipanda boti hadi Nyamisati, kutoka hapo tukachukua gari. Hospitalini benchi lilikuwa refu na limejaa. Watu walikuwa wanajipepea kwa kadi zao, mimi nimejikunyata ndani ya sweta. Mama mmoja aliyekaa karibu yangu akaniuliza kama nina homa. Nikamwambia hapana, baridi tu. Alitazama nje kwenye jua, akanitazama mimi, kisha akasogea mbali kidogo. Baadaye, nadhani moyo ulimsuta, alirudi akanipa kipande cha muhogo wa kuchoma.

Daktari alikuwa mwanamke kijana wa bara, anaongea upesi. Sikumaliza hata kueleza habari ya sauti, akaniambia niinue kidevu na ninywe funda la maji huku vidole vyake vikiwa shingoni mwangu. Akauliza kuhusu baridi, nywele, choo. Nilijibu kwa aibu, maana mume wangu yupo. Halafu akauliza, "Umewahi kuharibikiwa mimba?"

Nilikuwa napima, niseme ile moja anayoijua Shabani, au nisiseme kitu.

"Mbili," akasema Shabani.

Niligeuka nikamtazama. "Ile nyingine umeijuaje?"

"Kanga zako. Ulizifua wewe mwenyewe, ukazianika ndani, na siku hiyo jua lilikuwa kali." Alikuwa amevua kofia yake anaizungusha mikononi. "Nilisubiri uniambie."

Mwaka mzima na zaidi tulikuwa tumelala kitanda kimoja, kila mmoja anamlinda mwenzake na jambo ambalo wote tunalijua.

"Tatu," nikasema.

Kofia ilisimama. Hakuniuliza ipi. Daktari aliandika, kisha akanitoa damu ambayo ingepelekwa Dar es Salaam. Tukarudi nyumbani kusubiri. Ndani ya boti Shabani aliweka mkono wake juu ya wangu mbele za watu, jambo ambalo si kawaida yake, na wala hakuutoa mtu alipotusalimia.

Majibu yalipokuja mpunga ulikuwa umeshavunwa. Daktari alisema tezi iliyoko shingoni imelala. Ilitakiwa kutoa homoni, haitoi ya kutosha, ndiyo maana kila kitu mwilini kimepunguza mwendo: sauti, nywele, tumbo, hata akili. Nikauliza lile lililonipeleka.

"Na watoto?"

"Mtoto akianza tu kuumbika, hana tezi yake," alisema. "Moyo, ubongo, kila kinachoanza kujengwa miezi ile ya mwanzo kinategemea homoni ya mama. Sasa wewe mwenyewe huna ya kukutosha, sembuse ya mgeni. Siwezi kukuapia kwamba zote tatu zilitoka kwa sababu hiyo. Lakini hapa ndipo pa kuanzia."

"Kwa hiyo sijafungwa?"

Nilisema kwa sauti ndogo. Kule nyumbani neno hilo lilikwisha kupita kwenye masikio yangu, kwamba kuna mtu amenifunga kizazi. Daktari hakunicheka.

"Hujafungwa, mama. Umepungukiwa tu, na kinachopungua tunacho dukani."

Nililia pale pale kwenye kiti. Sikujua kama neno "kupungukiwa" linaweza kumfurahisha mtu kiasi kile.

Dawa yenyewe ilikuwa kidonge kidogo cheupe, kidogo hata unaweza kukidharau. Nilitakiwa kukimeza kila siku alfajiri tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, kisha nisile wala kunywa kingine mpaka ipite kama saa nzima. Na nisibebe mimba kwanza mpaka damu isomeke vizuri. Nikaitikia yote. Kuitikia ni rahisi ukiwa Kibiti.

Nyumbani palikuwa na uji. Bi Pili ana mkono wa uji wa mchele, wa nazi, wenye iliki, na kila alfajiri baada ya sala alikuwa akiniletea bakuli mwenyewe na kusimama mlangoni mpaka nimalize. Ndivyo alivyonipenda. Hakuwa mtu wa maneno matamu, alikuwa mtu wa bakuli. Mimi ni mke wa mwanawe, nitamwambiaje nisubiri saa nzima, uji wake upoe? Tena ningelazimika kueleza dawa ya nini, na nikieleza dawa nitaeleza mimba. Basi nikawa nakificha kidonge chini ya ulimi, nakisukumia na uji.

Miezi ikapita. Vuli ikanyesha, tukapanda. Nilikwenda kupima tena, damu haijasogea popote. Daktari aliitazama karatasi, akanitazama.

"Unameza kila siku?"

"Wallahi kila siku."

"Unameza na nini?"

"Na uji."

"Uji wa nini?"

"Wa nazi."

Alicheka, halafu akaacha kucheka. Alinieleza kwamba dawa hii haipendi kuchanganyika. Ukiichanganya na chakula, mwili unaipata kidogo sana. Wala nisiisogeze karibu na udongo ninaotafuna, wala vidonge vya kuongeza damu. Miezi yote ile ya kusubiri nilikuwa nimekunywa uji tu.

Shabani akasema atazungumza na mama yake. Nikakataa, nikasema aliyepokea uji ni mimi. Nilimfuata Bi Pili jikoni akiwa anakuna nazi, nikachuchumaa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Una nini? Shikamoo ya ngapi hii leo?"

"Mama, kuna dawa ninayokunywa. Daktari amesema nisile kitu mpaka ikae tumboni. Naomba uji uwe unakuja jua likishapanda."

Mkono wake ulisimama juu ya mbuzi ya nazi. "Uji wangu una sumu?"

"Hauna, mama."

"Nimelea watoto na uji huu. Wamekua, wameoa, leo umekuwa sumu."

Alinuna, na Bi Pili akinuna nyumba nzima inajua. Masufuria yanaongea kwa niaba yake. Alfajiri alipika kama kawaida, akaweka bakuli langu mezani bila kusema neno, na Shabani, ili vita visiwe vikubwa, akawa anakunywa lake na langu. Alianza kuota kitambi. Nilikuwa na hasira na wote wawili, na nilikuwa na hasira na kile kidonge, na siku moja nilikishika mkononi nikafikiria kukitupa mtoni. Sikukitupa kwa sababu nilikuwa nimechoka mno hata kwenda mtoni.

Mimi siye niliyeushinda mnuno ule, na hadi leo sijui ni nini kilichoushinda. Asubuhi moja nilisikia mlango unasukumwa, Bi Pili akaingia na kikombe. Ndani yake hamna uji, mna maji.

"Haya, meza. Kisha nitakaa hapa hapa nione hakuna anayekuletea hata kashata."

Alikaa kitandani kwangu mpaka jua lilipopanda. Hakuniuliza dawa ya nini. Kuanzia siku hiyo maji yalikuja kila alfajiri, na uji ukaja baadaye, na mimi nilijiona tajiri.

Nafuu haikuja kwa kishindo. Kwanza choo kilikuwa chepesi, mniwie radhi, lakini aliyewahi kufungika anajua hiyo ni neema. Kisha nikagundua kwamba nimeshinda macho wazi mpaka jioni. Masika yalipokuwa yanaisha nilisahau sweta kwenye boti, na sikukumbuka kwamba nimeisahau mpaka nahodha aliponirudishia. Nyusi ziliota. Siku moja dunguni niliona kwelea wanashuka kwenye shamba letu kama walivyozoea, nikafungua mdomo bila kutegemea kitu, na ukelele ukatoka. Wakanyanyuka wote. Ng'ambo ya mto Shabani alikuwa anashona wavu wa nguruwe, akaacha kazi akapiga mluzi mrefu. Nikapiga ukelele wa pili ambao haukuwa na ndege wa kumfukuza. Nilikuwa najisikiliza tu.

Kipimo kilichofuata daktari alitabasamu kabla hajasema. Akaniruhusu, lakini kwa sharti.

"Siku utakayojua umekosa damu ya mwezi, siku hiyo hiyo uje. Usisubiri tumbo. Dawa lazima tuipandishe mapema, kwa sababu mtoto hangoji. Wiki zile ambazo nyie mnaficha ndizo anazozihitaji kuliko zote."

Nikasema sawa. Nikijua kabisa nimesema sawa kwa jambo ambalo kwetu halijawahi kufanyika.

Siku hiyo ilikuja mpunga ukiwa umeanza kubeba tena. Nilitumia kipimo cha mkojo alichonipa daktari, mistari ikatokea, nikamwambia Shabani. Alikaa chini, akasimama, akakaa tena. Alikuwa hawezi kuacha shamba na ndege wale, kwa hiyo ilikuwa niende na mtu mwingine au niende peke yangu. Boti lilikuwa linaondoka maji yakijaa, asubuhi ile ile. Nilijifunga kanga, na Bi Pili alikuwa uani anapepeta mchele.

"Unakwenda wapi na boti la sasa hivi?"

Ningeweza kusema Nyamisati kununua mafuta. Nilikwisha kuuandaa uongo mzuri kabisa. Lakini nilimtazama, nikakumbuka kikombe cha maji.

"Nakwenda Kibiti, mama. Nina mimba."

Ungo ulisimama. Alitazama huku na huku kama mtu aliyesikia mwizi. "Unaitoa nje ikiwa bado maji? We Somoe, una akili wewe? Nani mwingine umemwambia?"

"Shabani. Na sasa nakwenda kumwambia daktari."

"Ya siku ngapi hiyo?"

"Changa, mama. Changa kabisa. Amesema niende ikiwa hivyo hivyo changa."

Kuku walianza kudonoa mchele wake na hakuwafukuza. Mwishowe aliingia ndani, nikadhani amenuna tena, nikaanza kushuka kwenda bandarini. Nilipofika alikuwa nyuma yangu, amevaa baibui, amefunga mdomo wake kwa ushungi kana kwamba mimba ingetoka kwenye mdomo wake yeye.

Boti lilikuwa limejaa watu tunaowajua wote. Huku delta hakuna boti la wageni. Walituuliza tunakwenda wapi, Bi Pili akajibu, "Tunakwenda tu." Tulipotoka kwenye mikoko na kuingia maji mapana, upepo ulikuwa umeshika, na nahodha alikuwa na haraka ya kuwahi. Boti likaanza kuruka na kujibamiza. Kila likijibamiza nilishika tumbo, nikijua kwamba mkono wangu hausaidii kitu. Bi Pili aliutazama mkono ule. Likajibamiza tena. Akafungua ushungi.

"Wewe nahodha! Punguza! Miye humu nimebeba mimba changa!"

Ikawa inasikika mashine tu. Bi Pili mwenye mvi zake, aliyesimama katikati ya boti, amebeba mimba changa. Kisha mtu mmoja akacheka, wakacheka wote, na yeye mwenyewe alipogundua alichosema akacheka mpaka machozi yakamtoka, akaninyooshea kidole. "Ya huyu! Ya huyu, jamani, ya Somoe!"

Nahodha alipunguza. Wakanihamisha kutoka mbele wakanikalisha nyuma ambako hakurushi, mmoja akakunja gunia akaniwekea chini. Hakuna aliyesema neno baya. Mama mmoja aliyekuwa anakwenda Mafia kwa binti yake aliniwekea mkono kichwani akasoma dua. Nilikuwa nimeogopa macho ya watu hawa tangu niolewe, na sasa nilikuwa nimekaa katikati yao juu ya gunia, kama biarusi.

Kibiti tulisubiri benchi lile lile. Alikuwepo muuguzi wa kuandika kabla hujaingia kwa daktari. Bi Pili aliketi ubavuni pangu kama alivyoketi zamani zahanati.

"Mimba ya ngapi?"

"Ya nne."

"Watoto walio hai?"

"Hakuna."

Muuguzi aliandika, akasema pole kwa sauti ya chini. Hapo ndipo Bi Pili alipozungumza, na hakuna aliyemuuliza.

"Na miye zangu tisa."

Niligeuka. Shabani na nduguze ni watano. Siku zote nimewahesabu watano.

"Waliokaa watano," akasema, bado anamtazama muuguzi, kana kwamba anataka na yeye aandikwe. "Wanne hawakukaa. Baba yao amekufa hajui."

Muuguzi hakuwa na mahali pa kuandika habari ya bibi. Aliweka kalamu chini, akamshika mkono. Mimi nilishika wa pili. Bi Pili hakulia. Alisema kwamba kiti ni kigumu na akauliza daktari anachelewa nini.

Dozi ilipandishwa siku hiyo. Sitakwambia ya kwangu ni kiasi gani, maana ya kwangu ni ya kwangu, na ya kwako atakupimia mtaalamu wako. Nitakwambia jinsi nilivyoishi. Kwa kuwa boti zima lilikuwa linajua, Mbwera nzima ilijua kabla sijarudi. Wanawake wakipita mtoni na mitumbwi walinipigia kelele tangu mbali, "Somoe! Umemeza?" Bi Pili alichukua udongo wangu wote wa kichuguu akautupa, nikamlilia kweli, maana nilikuwa na hamu nao hata nikawa nauota. Vidonge vya kuongeza damu aliviweka kwenye kanga yake, akawa ananipa jioni, mbali kabisa na kile cheupe. Hajui kusoma, na hakuna siku aliyokosea.

Sitaki kuwadanganya kwamba sikuogopa. Nilipofika pale ambapo wengine walinitoka, roho ilikuwa juu kutwa. Nilikwenda chooni kila mara kutazama kanga. Siku moja niliona tone. Shabani aliniweka kwenye boti, tukaenda moja kwa moja mpaka Kibiti, na benchi lile siku hiyo lilikuwa refu kuliko dunia. Daktari alinipaka yale mafuta ya baridi tumboni, akazungusha kile kifaa, kisha akageuza kioo kutuelekea. Kitu kidogo kilikuwa kinapigapiga, upesi upesi.

"Ndiyo moyo huo," akasema.

Shabani alivua kofia. Akaitazama skrini kwa muda, akasema, "Assalamu alaikum," kama mtu anayepokea mgeni mlangoni. Hata daktari alishindwa kuendelea.

Wiki za mwisho nilikwenda kukaa Mahege kwa mama yangu mzazi, ili maji yasije yakanikatia njia. Bi Pili alinifuata huko na kikombe chake, kana kwamba Mahege hakuna vikombe. Mtoto alizaliwa Kibiti, wa kike, na alianza kulia kabla hajatoka vizuri. "Huyu ana sauti," mkunga akasema. Nilikuwa nimechanika, nina kiu, natetemeka, na nilikuwa nacheka. Tulimwita Rehema.

Kidonge bado nakimeza. Daktari amesema huenda nitakimeza maisha yangu yote, na nimeshaacha kukilaumu. Msimu uliopita nilipanda dunguni Rehema akiwa mgongoni, nikapiga ukelele, akashtuka, kisha akajaribu na yeye.

Ila kilichobaki kwangu zaidi ni siku ya arobaini yake. Uani palijaa wanawake, pilau liko motoni, mtoto anapokezanwa kutoka paja hadi paja. Jirani yetu mmoja alimbeba, akamgeukia Bi Pili kwa furaha.

"Hongera, Bi Pili! Mjukuu wa kwanza kwa Somoe!"

Bi Pili alikuwa anachambua mchele. Hakuinua kichwa.

"Wa nne," akasema. "Huyu ndiye aliyekaa."

Kisha mwanamke mmoja pembeni, mtu mzima mwenye wajukuu wengi, akasema taratibu, "Na miye nina wawili ambao hawakukaa." Mwingine akasema ana mmoja. Wakaendelea kusema, mmoja baada ya mwingine, huku mikono yao ikichambua mchele, na Rehema akapita mapajani mwao wote.

Nilikuwa nimesimama mlangoni, nalia mbele za watu. Bi Pili aliniona. Akapangusa mikono yake kwenye kanga, akanitazama kwa jicho kali.

"Na wewe, asubuhi yote hii na pilika hizi. Umemeza?"